Hasira Ina Lugha Nyingi

Masomo: Yona 4, Marko 3:1–6, Waefeso 4:25–32



Kitabu cha Yona ni kifupi, tena wengi wetu twakijua tangu shule ya Jumapili. Lakini mara nyingi hadithi yake huishia kwa samaki. Nabii atapikwa pwani, watoto wapiga makofi, na mwalimu afunga kitabu. Sura ya nne haisomwi sana, nayo ndiyo yenye neno letu la leo. Watu wa Ninawi wametubu, Mungu amewasamehe, na nabii amekasirika hata anaomba kufa. Mungu hamkemei. Amwuliza tu kama kukasirika kwake ni kwema. Yona hajibu; atoka nje ya mji na kujijengea kibanda. Siku ya pili yake mmea uliompa kivuli wanyauka, naye akasirika tena, mara hii kwa ajili ya mmea. Mungu amwuliza swali lile lile.

Zamani zaidi, katika Mwanzo 4, Mungu alimwendea Kaini vivyo hivyo. Alimwuliza sababu ya hasira yake na sababu ya uso wake kubadilika, wakati Habili angali hai. Kama Kaini angalijibu swali lile, huenda historia ya ndugu wale wawili ingalikuwa nyingine.

Basi jambo la kwanza tunalojifunza ni hili: Mungu huiuliza hasira kabla ya kuihukumu. Sisi hatufanyi hivyo. Mwenzetu akikasirika, twasema ana roho mbaya. Tukikasirika sisi, twasema tumeonewa. Na mwenzetu akikasirika kwa namna tusiyoizoea, hata hatutambui kwamba amekasirika, au twaona ni kichaa. Kwa hiyo katika toleo hili twapenda tuitazame hasira ya kila siku, ile ya jikoni, ya uwanjani, ya kwaya na ya halmashauri ya mtaa, na jinsi watu wa mataifa mbalimbali wanavyoichukua na kuionyesha. Kisha tuone Injili yatuambia nini.

KILA WATU NA NAMNA YAO

Waebrania, ambao kwao tumepata Agano la Kale, hutumia neno moja kwa pua na kwa hasira. Si ajabu, maana mwenye hasira hupumua kwa nguvu na pua yake hupata moto. Katika Kutoka 34:6 tunaposoma kwamba Bwana si mwepesi wa hasira, maneno ya Kiebrania kwa asili yasema kwamba ana pua ndefu: pumzi yake ina safari ndefu kabla ya kuwaka. Wayunani nao walikuwa na maneno mawili makubwa. Moja ni la hasira inayolipuka mara moja kama moto wa makuti, na jingine ni la hasira inayokaa ndani kama kaa chini ya majivu. Mtume Paulo ayataja yote mawili pamoja katika Waefeso 4:31, akataka yote mawili yatuondokee.

Na Kiswahili chetu je? Twasema hasira, ghadhabu, uchungu, kinyongo, kisirani, mori. Tena tuangalie vitenzi vinavyofuatana na maneno hayo. Hasira hupanda, na mtu hupandwa nayo kama apandwavyo na pepo, kana kwamba imetoka nje yake. Kinyongo huwekwa, kama akiba ya chakula. Kisasi hulipizwa, kama deni. Lugha yenyewe imekwisha kutuonyesha njia nzima: kinachoanza kama mgeni hugeuka kuwa akiba ya nyumbani, na mwishowe huwa deni ambalo mwingine lazima alilipe.

Namna za kuionyesha pia si moja. Huko pwani mwanamke aweza kumjibu jirani yake bila kufumbua kinywa. Hununua kanga yenye jina linalofaa, akajifunga, akapita taratibu mbele ya mlango wa mwenzake. Aliyekusudiwa atasoma, na ataelewa. Wazee wetu waliosoma shule za misheni walijua kwamba Mwingereza akikasirika, adabu yake huongezeka: sauti hushuka, na ghafla huanza kukuita kwa jina lako lote. Na kuna nyumba nyingine, bara na pwani, ambako ugomvi hupigiwa kelele asubuhi mlangoni, majirani wote wakasikia, na adhuhuri wagomvi wanakula sahani moja.

Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu tuliyaona haya kila mwaka, maana wanachuo walitoka mikoa yote wakalala bweni moja. Tunawakumbuka vijana wawili waliokuwa na vitanda jirani. Mmoja alitumia ndoo ya mwenziwe bila kumwomba, akaipasua. Mwenye ndoo hakusema neno. Aliendelea kusalimu kwa heshima, lakini aliacha kumwita mwenziwe waende kula, akaacha kumwazima kitabu, akaacha kumcheka anapotania. Mambo yalikwenda hivyo kwa majuma matatu. Aliyepasua ndoo alidhani yamekwisha zamani, kwa kuwa kwao jambo lisilopigiwa kelele si jambo. Siku alipoelezwa alistaajabu, akasema, "Mbona hukunigombeza?" Mwenziwe akajibu, "Nilikugombeza kila siku. Wewe hukusikia."

Ndugu, ni wangapi katika mtaa wetu wanagombezwa kila siku nao hawasikii? Na ni wangapi wanaogombeza kwa kimya, kisha wanamhesabia mwenzao dhambi ya kutokusikia?

WAANGLIKANA WENZETU WA NCHI YA BARAFU

Kaskazini kabisa mwa Kanada, karibu na mdomo wa mto uitwao Back River, walikaa watu wachache wa kabila la Wainuiti, ambao zamani tuliwaita Waeskimo. Waliishi kwa kuvua samaki na kuwinda, na wakati wa baridi walijenga nyumba za theluji. Walikuwa Waanglikana. Kasisi hakukaa kwao, kwa hiyo mmoja wa wazee wao ndiye aliyeongoza ibada za Jumapili, kama makatekista wetu wanavyofanya katika vituo vya mbali.

Mwaka 1963 alifika huko mwanamke mmoja msomi, Jean Briggs, mzaliwa wa Marekani, akakaa nao hadi mwaka 1965. Yule mzee mwongoza ibada alimpokea kama binti yake. Baadaye, mwaka 1970, Briggs alitoa kitabu juu ya maisha yao, na jina la kitabu hicho lasema kwamba hawakasiriki kamwe.

Kwa watu wale, akili na utulivu ni kitu kimoja. Mtoto mdogo hulia, hupiga na kutupa vitu kwa sababu akili yake haijakomaa. Hakuna haja ya kumfokea, maana atakua. Lakini mtu mzima anayefoka amejirudisha utotoni. Hata anayemkasirikia mtoto huaibika mwenyewe, kwa kuwa ameshuka kwenda kushindana na mtoto kwa silaha za kitoto.

Wakati wa kiangazi walifika wavuvi wa Kizungu waliokuja kujifurahisha. Wenyeji walikuwa na mitumbwi miwili tu. Wageni waliazima mmoja, wakauharibu. Kisha wakataka wa pili. Briggs alishindwa kujizuia. Aliwaambia wageni wale kwa ukali kwamba mtumbwi huo ndio uliobaki, na kwamba ukiharibika watu hawa hawatakuwa na njia ya kupata riziki. Alidhani amewatetea wenyeji. Kumbe yule mzee mwenyewe alikuwa radhi kuuazimisha, akasema wageni wapewe wanachotaka.

Tangu siku ile mambo yalibadilika. Hakuna aliyemfokea wala kumfukuza. Samaki na chai viliendelea kumfikia. Lakini watu waliacha kuja kuketi hemani mwake. Walikuwa wapole sana, na upole ule ulikuwa ukuta. Alikaa hivyo kwa majuma mengi kabla ya kuelewa vizuri kwamba ametengwa. Jambo lilitengenezeka pale aliposaidiwa na Mkristo mmoja mwenyeji wa kituo kingine. Mama huyo aliwaandikia barua, akawaeleza kwamba mgeni wao alikasirika kwa ajili yao. Walipoelewa hivyo, mioyo yao ikamrudia.

Tutazame pande zote mbili za habari hii. Upande mmoja, Waanglikana hawa wa barafuni watatuhukumu siku ya mwisho, sisi ambao twamfokea mtoto kwa sababu amemwaga maji. Mithali 16:32 yasema kwamba anayetawala roho yake ni mkuu kuliko anayeteka mji, na watu wale waliliishi neno hilo katika nyumba ya theluji, familia nzima ndani ya chumba kimoja, kwa miezi ya giza. Upande wa pili, kimya chao kilimwumiza mtu aliyewapenda, naye hakujua kosa lake wala njia ya kulitengeneza. Tena mwandishi huyo hakuficha kwamba mbwa wao walipigwa sana. Hasira iliyokatazwa kutoka mlango mmoja ilikuwa imepata mwingine.

Tena tukumbuke kilichowapatanisha. Hakikuwa hasira, wala hakikuwa kimya. Mtu wa tatu aliyejua lugha za pande zote mbili aliketi akaandika barua.

HASIRA YA MSIBANI

Sasa twende upande mwingine wa dunia, katika milima ya kisiwa cha Luzon, nchi ya Ufilipino. Huko wako watu waitwao Wailongot. Wao wana neno lao, liget, ambalo maana yake ni hasira lakini pia ni nguvu. Kwa liget mtu hulima shamba gumu, huwinda na hushindana na wenziwe. Mtu asiye nayo kabisa ni mvivu. Lakini liget ikikosa njia huharibu, na zamani njia yake kubwa ilikuwa ya kutisha: mwanamume aliyefiwa alitoka kwenda kukata kichwa cha mtu, hata mtu asiyemjua, kisha akakitupa. Hivyo ndivyo alivyoutupa mzigo wake.

Renato Rosaldo na mkewe Michelle waliishi nao mwishoni mwa miaka ya 1960, na tena mwaka 1974. Renato aliwauliza wazee sababu ya desturi hiyo. Walimjibu kwa kifupi kwamba msiba huzaa hasira, na hasira hudai. Hakuridhika na jibu hilo. Alidhani lazima kuna sababu nyingine ya ndani zaidi. Mwaka 1981 mkewe aliteleza njiani milimani huko huko Luzon, akaanguka gengeni, akafa. Renato alieleza baadaye kwamba ndipo alipokuta ndani ya huzuni yake ghadhabu ambayo hakuitazamia, akatambua kwamba wale wazee walikuwa wamemwambia kweli tupu.

Serikali yao ilipotangaza utawala wa kijeshi mwaka 1972, desturi ya kukata vichwa ilikoma. Baadhi ya watu wale waliigeukia Injili, wakitafuta namna nyingine ya kubeba uchungu wa kufiwa.

Wapendwa, tusiwatikisie vichwa watu wale kama kwamba ni wa dunia nyingine. Kwetu, mtu akifa, hasira huketi mkekani pamoja na waombolezaji. Hutafuta mtu wa kumshika. Ni mganga aliyechelewa, ni mkwe asiyeuza ng'ombe mapema, ni mama wa kambo. Ikikosa wote hao, humtafuta mwanamke mzee anayekaa peke yake mwisho wa kijiji. Katika sehemu za Usukuma, kwa miaka mingi, wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotolewa ni macho yao mekundu. Kumbe macho yale yalikuwa yameungua kwa moshi wa jiko, kwa kuwapikia wana na wajukuu wa watu wale wale. Tofauti yetu na Wailongot iko wapi? Wao walisema wazi kwamba wana hasira na wanatafuta kichwa. Sisi twasema tunatafuta mchawi.

Na hapa yatupasa kuwashukuru wazee wetu kwa hekima moja ambayo vijana wanaanza kuisahau, nayo ni utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Wanyamwezi walioshuka pwani na misafara wakawa watani wa Wazaramo. Mtani hufika msibani, akamcheka marehemu, akamdai deni lake, akajitupa kaburini akidai mahali hapo ni pake, akanyang'anya chakula cha wafiwa. Mgeni asiyejua atadhani ni kukosa adabu. Lakini wazee waliweka mtu mahali ambapo hasira ya msiba ingetafuta kichwa, wakamruhusu mtu huyo kuchekesha. Mfiwa aliyekuwa amekaza meno hucheka bila kupenda, na baada ya kucheka hulia, na baada ya kulia hulala. Kanisa lisiikatae hekima hiyo kwa haraka. Maneno machafu yaachwe, lakini mtani na aje.

HASIRA YA BWANA WETU

Tumeona watu wanaoifungia hasira, watu wanaoifuata, watu wanaoivalia kanga na watu wanaoitania. Je, desturi ipi ni ya Kikristo? Twajibu kwamba hakuna hata moja iliyo ya Kikristo kamili, na kila moja yaweza kumtumikia Kristo. Kimya chaweza kuwa uvumilivu, tena chaweza kuwa chuki iliyopigwa pasi. Kelele zaweza kuwa ukweli, tena zaweza kuwa ukatili. Tusimwambie mwenzetu kwamba hana wokovu kwa sababu tu hasira yake inasema lugha ya kwao.

Tumtazame Bwana Yesu. Katika Marko 3 yumo ndani ya sinagogi siku ya Sabato, na mbele yake yuko mtu mwenye mkono uliopooza. Wakubwa wanamvizia waone kama ataponya. Aliwauliza swali, wakanyamaza. Marko asema wazi kwamba aliwatazama kwa hasira, na papo hapo asema kwamba aliona huzuni kwa ugumu wa mioyo yao. Hasira na huzuni zilikuwa pamoja. Kisha hasira ile ilifanya nini? Iliponya mkono. Katika Marko 10 alichukizwa na wanafunzi waliowazuia watoto, na hasira ile iliishia katika kuwakumbatia watoto.

Tena katika Marko 11, Yesu aliingia hekaluni jioni, akatazama vitu vyote pande zote, akatoka akaenda Bethania kulala. Siku ya pili yake ndipo alipopindua meza. Hakupandwa na hasira. Alikuwa ameona, akaenda, akalala, akarudi. Waliokuwa wakionewa ni watu waliokuja kusali, na nyumba iliyochafuliwa ilikuwa ya Baba yake.

Lakini walipompiga yeye mwenyewe, walipomtemea mate na kumvika miiba, 1 Petro 2:23 yatuambia kwamba hakurudisha tusi, bali alijikabidhi kwa Mungu anayehukumu kwa haki. Hapo ndipo tunapopimwa. Sisi tukidhulumiwa senti kumi twapaza sauti, na jirani akidhulumiwa shamba zima twasema si juu yetu. Yesu alikuwa kinyume chetu. Hasira yake iliamka kwa ajili ya wengine, ikalala kwa ajili yake mwenyewe.

KABLA YA KUIJIA MEZA

Mtume Paulo, katika Waefeso 4:26, asema kama mtu anayejua kwamba tutakasirika. Hasemi hasira isije. Asema isilale nasi hadi kesho. Mtu aweza kuuliza: mbona Yesu alingoja hadi asubuhi? Twajibu kwamba shauri laweza kungoja asubuhi, lakini kinyongo kisingoje. Usiku mmoja unatosha kwa hasira kuota mizizi. Shauri lililoahirishwa kwa maombi hupoa na kunyooka; kinyongo kilichowekwa huvunda.

Kanisa letu limelijua jambo hili tangu zamani. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 chamwagiza kasisi kwamba, akiona chuki kati ya watu wawili, asiwakaribishe Mezani hadi wapatane. Tena chaongeza kwamba kama mmoja yu tayari kusamehe kwa moyo na kutengeneza alichoharibu, na mwenziwe amekataa kupatana, basi kasisi ampokee aliye tayari. Maneno hayo yana faraja kubwa. Hudaiwi moyo wa mwenzako. Wadaiwa wa kwako.

Katika miaka ya 1930 Uamsho ulianza Rwanda na Uganda, ukaenea Kenya na Tanganyika. Ndugu wale walisema juu ya kutembea nuruni, kama 1 Yohana 1:7 inavyofundisha. Hawakuungama ulevi na uzinzi peke yake. Mume aliungama mbele ya mkewe ule ukali wa jana. Mmisionari alimwomba radhi Mwafrika kwa dharau aliyoificha nyuma ya adabu, na Mwafrika akamwomba radhi mmisionari kwa chuki aliyoificha nyuma ya "ndiyo, bwana". Wawili hao walikuwa na namna mbili za kuficha hasira, na msalaba mmoja wa kuitua.

Mtu wa Uamsho huo alikuwa Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Askofu Festo akalazimika kukimbia nchi yake. Katika kitabu alichokitoa mwaka ule ule alieleza jinsi uchungu juu ya Amin ulivyozidi ndani yake, hata ukawa unaikausha roho yake. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, alisikia sala ya Yesu ya kuwasamehe waliomsulibisha, akaona kwamba lazima naye asamehe. Hakusema kwamba Amin alifanya vema, wala hakuacha kuusema uovu ule. Alikataa tu kubeba sumu kifuani mwake. Kama yeye aliweza kutua mzigo huo, sisi na mzigo wetu wa ndoo iliyopasuka twasema nini?

TUFANYE NINI?

Kwanza, tujifunze lugha ya hasira ya wenzetu. Wenye ndoa, hasa waliotoka makabila mbalimbali, waulizane siku ya amani: kwenu mtu akikasirika hufanyaje? Swali hilo likiulizwa mapema laweza kuokoa nyumba.

Pili, tusidhani kwamba kimya ni amani. Ukiona mwenzako ameacha kuomba chumvi kwako, mwendee. Mathayo 18:15 yatuambia tuseme naye peke yake, wala haisemi tuanze kwa wanakwaya. Na ikiwa wewe ndiwe unayenyamaza, kumbuka kwamba mwenzako hana kipawa cha kusoma moyo. Moyo wa mtu ni msitu.

Tatu, tusimpige mtoto tukiwa na hasira. Wazazi na walimu wasikie: Waefeso 6:4 yawakataza baba kuwachokoza watoto wao. Anayepiga ili kujipoza mwenyewe hafundishi kitu ila kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Akili zitulie kwanza, ndipo tumfundishe mtoto.

Nne, msibani tuikubali hasira, lakini tusiipe jina la mtu. Mfiwa akilia na kumlalamikia Mungu, tumwache alie. Zaburi zimejaa malalamiko ya namna hiyo, na Mungu hakuyafuta katika kitabu chake. Lakini mtu akianza kumtaja mchawi, Mkristo aliyepo asinyamaze. Hapo ndipo mahali pa kukasirika kwa ajili ya mwingine, kama Bwana alivyokasirika sinagogini. Aende aketi na yule mama mzee nyumbani kwake, tena wazi, watu wote wakimwona.

Tano, tunapopeana mikono ya amani katika Ushirika Mtakatifu, tusipitishe macho juu ya kichwa cha yule tusiyesema naye ili tumfikie rafiki yetu. Mathayo 5:23–24 yatuambia hata tuiache sadaka yetu madhabahuni twende tukapatane kwanza. Na kama ninyi wawili hamsikilizani kabisa, tafuteni mtu wa tatu anayejua lugha za pande zote mbili. Kila mtaa una mama mmoja au mzee mmoja wa namna hiyo. Wagombanao ndio wapatanao, lakini mara nyingi huwapo mtu aliyewapeleka.

Kitabu cha Yona hakina mwisho. Mungu amwambia nabii habari za mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua tofauti ya mkono wa kuume na wa kushoto, tena wenye wanyama wengi, amwuliza kama haimpasi kuwahurumia, na hapo maandishi yanakoma. Jibu la Yona hatulipati. Huenda limeachwa ili kila msomaji aandike la kwake. Jumapili ijayo, tukipiga magoti kabla ya kuijia Meza, tumsikie Mungu akituuliza juu ya hasira tuliyokuja nayo, nasi tumjibu kwa kweli.

Ee Bwana, usiye mwepesi wa hasira, ututazame sisi tulio wepesi. Utuulize, tusikukimbie. Utuamshe kwa ajili ya wanaoonewa, ututulize kwa ajili yetu wenyewe, na utufundishe kusikia jirani zetu wanaponyamaza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.